Neno la Serkali linafika Sandoa namna gani?



Siku moja ya Mungu, katika kanisa dogo la kijiji kimoja upande wa Sandoa, tulimuona mwalimu wa katekisimu akisimama mbele ya watu kisha sala, na karatasi mukononi. Karatasi ile ilitoka katika biro moja ya Serkali. Biro gani, hatutaitaja, maana hatuandiki kwa kumuhukumu mutu. Ilikuwa kwa Kifransa, kurasa mbili, na muhuri chini. Walimuomba aisome kwa sababu watu wanamusikiliza. Mwalimu aliisoma kwanza kama ilivyo, polepole, kama mutu anayevuka muto juu ya muti mumoja. Kisha akaanza kuieleza kwa Kiswahili, na pengine kwa Kiruund kwa ajili ya wazee. Alipofika katikati alinyamaza, akatuangalia. Sisi tulikuwa na masomo marefu kuliko yake, lakini hatukuweza kumusaidia sana: maneno yalikuwa mazito, na hesabu zilizotajwa hazikuonyesha zimetoka wapi. Ndipo muzee mumoja akauliza: «Mwalimu, hizi franka, nani amezihesabu?» Mwalimu akajibu kwa heshima: «Baba, mimi ninasoma tu.»

Jibu lile limebaki katika roho yetu. Tunajua ya kwamba mutu anayesoma karatasi ya mwingine mbele ya watu wake anaweka jina lake mwenyewe kuwa rehani. Kama karatasi ni ya kweli, mwenye muhuri atasifiwa. Kama si ya kweli, watu wa kijiji hawatakwenda mpaka Kinshasa kumutafuta mwenye muhuri. Watamuangalia mwalimu, na siku anapofundisha Injili watakumbuka. Basi jambo hili ni letu pia. Kwa hiyo tumeona vema kuchunguza, bila hasira na bila kujipendekeza, namna Serkali ya inchi yetu inavyosema na watu, na kuuliza kama maneno yale yanaweza kuaminiwa na mutu wa Sandoa.

I. Vipimo vitatu

Mutu asiyekuwa na kipimo hawezi kuchunguza. Anasifu tu ao anatukana tu. Sisi tunaleta vipimo vitatu, na kila musomaji anaweza kuvijaribu.

Kipimo cha kwanza ni lugha. Neno likisemwa kwa lugha ambayo musikilizaji haifahamu, je, limesemwa? Mutume Paulo alikwisha kuwafundisha Wakorinto juu ya jambo hili: mwenye kusema kwa lugha ngeni pasipo mufasiri anausemesha upepo.

Kipimo cha pili ni hesabu. Neno linaloaminiwa ni lile ambalo musikilizaji anaweza kulipima mwenyewe. Mwenye duka anapokuambia kilo tano, anaweka mizani mbele ya macho yako. Kama mizani iko nyuma ya pazia, hata akisema kweli utaondoka na mashaka.

Kipimo cha tatu ni jibu. Katika barza ya kweli maneno yanakwenda na kurudi. Shefu anasema, wazee wanauliza, shefu anajibu. Neno linaloshuka tu, lisilo na njia ya kupanda, ni amri. Pengine ni amri nzuri, lakini si mazungumzo, na imani haizaliwi na amri.

Tutatumia vipimo hivi kwa mambo matatu yaliyo wazi mbele ya watu wote: sheria ya madini, kontra kubwa ya Kolwezi, na karatasi za uchaguzi.

II. Sheria isiyokuwa na lugha yetu

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 18 Oktoba 1908 Ubelgiji ulitunga sheria ya kutawala Kongo, ile iliyoitwa Sheria ya Koloni. Kifungu chake cha tatu kiliagiza ya kwamba amri zote kubwa zitolewe kwa Kifransa na kwa Kiflamand. Ona basi: mutu wa Antwerpen aliyefika Katanga alikuwa na haki ya kusoma amri kwa lugha ya mama yake, mutu wa Sandoa, ambaye amri zilimuhusu kuliko wote, hakuwa na haki hiyo.

Wakati ule ulipita. Tarehe 18 Februari 2006 Katiba tuliyo nayo ilitangazwa, kisha watu kuipigia kura katika Desemba 2005. Katiba hii imefanya vizuri sana juu ya lugha. Kifungu cha kwanza kinasema Kifransa ni lugha ya kazi ya Serkali, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Kifungu cha 24 kinampa kila mutu haki ya kupata habari. Tena kifungu cha 142 kinaagiza ya kwamba Serkali ieneze kila sheria kwa Kifransa na kwa kila moja ya lugha zile nne, katika siku sitini tangu kutangazwa kwake. Siku sitini! Waliotunga maneno haya hawakuona kijiji kuwa kitu kidogo. Tunawasifu.

Sasa tutazame matunda. Tarehe 9 Machi 2018 Prezidenti alitangaza sheria mupya ya madini, iliyogeuza ile ya mwaka 2002. Kwa provensi yetu ya Lualaba pengine hakuna sheria nyingine inayotuhusu zaidi. Tuhesabu kwa vidole: Machi, Aprili, Mei. Katika siku za kwanza za mwezi wa tano wa mwaka 2018 sheria ile ilipaswa kuwa imekwisha kufika kwetu kwa Kiswahili. Katika vijiji tunavyovizuru hatujapata kuona hata ukurasa mumoja wa Kiswahili wenye muhuri wa Serkali. Maelezo tuliyoyasikia yalitoka kwa vyama vya raia na kwa redio. Ni kazi njema, lakini deni la Serkali halilipwi na jirani.

Watu wamekosa kusikia nini? Tuseme kwa ufupi, maana wakatekista wengi wanatuuliza. Kampani inayochimba inalipa kodi juu ya madini inayouza, ile inayoitwa redevanse. Juu ya shaba ni 3.5 kwa mia. Juu ya kobalti, tangu ilipotajwa kuwa madini ya maana zaidi katika mwaka 2018, ni 10 kwa mia. Kodi ile inagawanywa hivi: katika kila franka 100, Serkali ya Kinshasa inapata 50, provensi inapata 25, komini ao sekta ao shefri ambamo madini yanachimbwa inapata 15, na 10 zinawekwa katika mufuko kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tena kampani inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu waliokaa karibu na machimbo.

Mugawanyo huu mutoto wa darasa la tano anaweza kuufahamu, tena unaweza kuandikwa kwa chokaa juu ya ukuta wa kila biro. Kwa nini basi unabaki kama siri ya wenye masomo?

Na hapa ndipo Sandoa inapotuonyesha jambo ambalo Kolwezi haiwezi kutuonyesha. Mashimo makubwa ya shaba na kobalti yako upande wa Kolwezi na Fungurume. Mutu wa kule, hata asiposoma, anaona malori yakipita usiku na mchana. Anaona vumbi, anaona nyumba mupya ya komini ao anaona kwamba haikujengwa. Macho yake ni mizani yake. Lakini mutu wa Sandoa, anayelima muhogo na mahindi kando ya muto Lulua, haoni lori la shaba. Zile franka 15 hazimuhusu, maana hakuna machimbo makubwa kwake. Fungu lake limo katika zile 25 za provensi na zile 50 za Kinshasa, zinazopaswa kumufikia kwa njia ya barabara, dispansera na mushahara wa mwalimu. Yeye hana macho ya kupimia. Ana masikio tu. Kwa hiyo tunasema: kadiri mutu anavyokaa mbali na shimo, ndivyo anavyohitaji habari ya kweli. Lakini mambo yanakwenda kinyume. Habari inakuwa nyembamba kadiri barabara inavyokuwa mbaya.

Kwa kipimo cha kwanza basi, sheria inasifiwa na utendaji unahukumiwa. Mutu asituambie ya kwamba kazi ya kufasiri haiwezekani. Redio Okapi, iliyoanza katika Februari 2002 inchi ikiwa bado imegawanyika kwa vita, ilitangaza habari kwa Kifransa na kwa lugha zote nne za taifa. Kama redio iliweza wakati wa vita, wizara zinaweza wakati wa amani.

III. Kontra ya Kolwezi

Tarehe 22 Aprili 2008 Serkali ilitia sahihi mapatano na kampani za Serkali ya Uchina. Ndiyo yaliyozaa Sicomines, inayochimba shaba ku Kolwezi: 68 kwa mia ya Wachina, 32 kwa mia ya Gécamines na wenzake wa upande wetu. Watu walielezwa hivi: Wachina watapata shaba, nasi tutapata barabara, reli, hospitali na shule. Hesabu iliyotajwa kwanza ilikuwa dola miliardi tisa, sita kwa majengo na tatu kwa mugodi. Katika mwaka 2009, kisha Mufuko wa Fedha wa Dunia kuogopa deni, ilipunguzwa kuwa sita: tatu kwa majengo, tatu kwa mugodi.

Wazee wanakumbuka namna habari hii ilivyopokelewa. Miliardi! Kila kijiji kiliona barabara yake katika ndoto. Hatusemi ya kwamba wakubwa walidanganya siku ile. Ahadi si uwongo kwa sababu haijatimizwa bado. Lakini ahadi kubwa inahitaji hesabu ndogo ndogo njiani, kama fundi wa nyumba anavyomuonyesha mwenye nyumba matofali kila juma. Hapo ndipo neno lilipokatika. Mwaka 2010 ulipita, 2015 ikapita, 2020 ikapita. Mutu wa kawaida hakuwa na mahali pa kuuliza: katika zile miliardi tatu, ngapi zimekwisha kujengwa?

Jibu lilikuja katika Februari 2023, nalo lilitoka katika nyumba ya Serkali yenyewe. Wakaguzi wakubwa wa fedha, yaani Inspection générale des finances, walitangaza ya kwamba majengo yaliyolipwa mpaka wakati ule yalikuwa ya dola milioni 822 tu. Kati ya ahadi na hesabu kulipita miaka kumi na mitano. Mutoto aliyebatizwa mwaka wa sahihi alikuwa amekwisha kuingia masomo yake ya sekondari.

Lazima tuwe wenye haki. Ukaguzi huu ni jambo la kusifiwa. Ni mara chache mukono mumoja wa Serkali unafungua pazia ambalo mukono mwingine umelifunga. Tena matunda yalionekana: katika Machi 2024 mapatano yaligeuzwa, na fungu la majengo likapanda kutoka miliardi tatu mpaka saba. Hapa tunapata jibu kwa wale wanaosema ukweli unaharibu kazi na kufukuza wenye mali. Katika jambo hili ukimya ulituachia milioni 822 kwa miaka kumi na mitano. Neno lililosemwa wazi lilileta ahadi ya miliardi saba katika mwaka mumoja na mwezi. Tunasema ahadi, maana na hii nayo itahitaji mizani. Je, nani atamuonyesha mutu wa Sandoa matofali kila juma?

Sheria ya kufanya hivyo iko. Tarehe 20 Mei 2011 amri ya Waziri wa kwanza iliagiza ya kwamba kila kontra juu ya mali ya asili, yaani madini, mafuta na misitu, itangazwe katika siku sitini. Kabla ya hapo tulikuwa tumeona mambo ya kusikitisha: uchunguzi wa madepite juu ya kontra zilizofanywa wakati wa vita, ulioongozwa na depite Lutundula, ulitolewa katika mwaka 2005, lakini watu hawakupata kuusoma mpaka mwaka 2006, tena bila kuzungumzwa na Baraza katika kikao. Tangu amri ya 2011 kontra nyingi zimetangazwa, na inchi yetu imo katika mupango wa mataifa unaoitwa ITIE, ambamo kampani inaandika ilicholipa, Serkali inaandika ilichopokea, na hesabu mbili zinalinganishwa. Mupango huu ulitusimamisha katika mwaka 2013 kwa sababu hesabu zetu hazikukamilika, kisha ukatukubali katika mwaka 2014. Ni maendeleo ya kweli. Lakini kontra ya kurasa mia, kwa Kifransa cha mahakama, iliyowekwa katika mashini inayotaka intaneti na umeme, imetangazwa kwa nani? Kutangaza si kuweka karatasi mahali fulani. Kutangaza ni kufanya neno lifike.

IV. Karatasi ku mulango

Jambo la tatu linagusa Eklezia karibu, na tunalisema kwa uangalifu.

Sheria ya uchaguzi inataka ya kwamba kura zikihesabiwa, matokeo yaandikwe, mashahidi watie sahihi, na karatasi ibandikwe ku mulango wa biro ya kuvotia. Angalia hekima yake: karatasi ile inatimiza vipimo vyote vitatu. Ina tarakimu, ambazo kila mutu anazijua. Watu waliohesabu wangali pale. Na anayeona kosa anaweza kusema saa ileile. Hakuna andiko la Serkali linalomufikia mutu wa kijiji kwa karibu zaidi.

Tarehe 30 Desemba 2018 tulivoti. Kesho yake intaneti ilikatwa katika inchi nzima, na ikabaki hivyo karibu siku ishirini. Mutu aliyetaka kulinganisha karatasi ya mulango wake na ya mulango wa jirani hakuweza. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Januari 2019, CENI, yaani Tume ya uchaguzi, ilitangaza hesabu: 38.57 kwa mia kwa wa kwanza, 34.8 kwa wa pili. Siku ileile maaskofu wetu wa CENCO, waliokuwa wametuma watazamaji elfu arobaini, walisema ya kwamba hesabu ile haipatani na ile waliyokusanya watazamaji wao. Tarehe 20 Januari Mahakama ya Katiba ilithibitisha, na Prezidenti akaapa tarehe 24.

Hatutaki kufungua tena kesi iliyofungwa. Mahakama ilikwisha kusema, na inchi ilikwisha kuendelea. Uchunguzi wetu ni juu ya neno, si juu ya kiti. Nalo neno lilikosa kitu kimoja: CENI haikutangaza hesabu za biro moja moja. Ilitoa jumla bila kutoa vipande. Ni kama mwalimu wa hesabu anayeandika jibu ubaoni na kukataa kuonyesha namna alivyolipata. Pengine jibu ni sawa; lakini mwanafunzi hajifunzi kitu, na mwenye mashaka anabaki na mashaka yake maisha yote. Kama vipande vingetolewa, mutu wa Sandoa angetafuta biro yake, angesema: ndiyo, hii ndiyo karatasi niliyoiona ku mulango, basi nasadiki na zingine. Imani ya inchi nzima ingejengwa kwa milango elfu nyingi.

Lakini tuseme na upande wetu. Maaskofu wetu hawakutoa tarakimu zao mbele ya watu. Walikuwa na sababu: sheria inampa CENI peke yake haki ya kutangaza matokeo, nao hawakutaka kuvunja sheria wala kuwasha moto. Tunaiheshimu sababu hiyo. Hata hivyo mukristu wa kijiji alibaki kati ya maneno mawili, moja la Tume na moja la maaskofu, na yote mawili alitakiwa kuyasadiki bila kuona mizani. Aliyependa Eklezia alichagua neno la Eklezia. Aliyependa chama chake alichagua la Tume. Mahali mizani isipoonekana, watu wanachagua kwa mapendo, na mapendo ya watu hayapatani sikuzote.

V. Wengine watasema

Wengine watasema: «Watu wa kijiji hawafahamu mambo haya, kuwaambia hesabu ni kuleta fujo.» Tunajibu: watu hawa wanagawanya nyama ya mawindo, mali ya ndoa na mashamba ya marehemu, na kila mutu anajua fungu lake mpaka kipande cha mwisho. Hesabu hawakuishindwa kamwe. Wameshindwa na lugha tu. Tena fujo haizaliwi na hesabu. Inazaliwa na uvumi, na uvumi unaota mahali habari imekauka.

Wengine watasema: «Padri na katekista wanaingia kwa sababu gani katika mambo ya Serkali?» Tunajibu: hatutafuti kutawala, wala hatufundishi kumuchukia mutawala. Lakini Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in terris ya mwaka 1963, aliweka kati ya haki za kila mutu haki ya kupata habari za kweli juu ya mambo ya wote. Na mwaka uleule, tarehe 4 Desemba 1963, Mutaguso wa Vatikano ulitoa siku moja maandiko mawili: moja juu ya liturjia, lililofungua mulango kwa lugha za watu katika Misa, lingine juu ya magazeti, redio na sinema, linalosema juu ya haki ya watu kujulishwa mambo. Tunapenda kuwakumbusha wanaseminari ya kwamba ni siku moja. Lugha na ukweli vilitoka pamoja.

Wazee wetu waliitikia Misa kwa Kilatini miaka mingi. Walisali kweli, Mungu aliwasikia. Lakini hawakuweza kumuuliza padri: neno hili maana yake nini? Siku Misa iliposemwa kwa lugha yao, maulizo yalianza. Mapadri wengine waliyaogopa. Leo tunajua ya kwamba maulizo yale yalikuwa mwanzo wa imani yenye mizizi. Serkali nayo isiogope.

VI. Na sisi je?

Hatuwezi kumaliza bila kugeuza taa kuelekea nyumba yetu. Yezu alisimulia juu ya wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Hakusema kama wakili yule alikuwa wa Serkali ao wa sakristia.

Katika parokia ngapi hesabu ya sadaka inasomwa mbele ya wakristu, franka zilizoingia na franka zilizotoka? Pesa ya bati za kanisa ikikusanywa miaka mitatu na bati hazionekani, nani anaeleza? Barua za jimbo, zinafika kwa katekista wa mbali kwa lugha gani? Sisi tunaoandika haya tumepata kusoma matangazo marefu kwa Kifransa mbele ya mama wazee waliotikisa kichwa kwa adabu tu. Tuliona haya, kisha tukaendelea. Basi tusiwe kama yule anayeona kibanzi katika jicho la biro na kusahau boriti katika jicho la parokia. Watu waliozoea kusikia hesabu kanisani watajua kuiomba katika biro ya teritware. Watu waliozoea ukimya kanisani wataona ukimya wa Serkali kuwa desturi ya wakubwa wote.

Kwa wakatekista wetu tunaleta mashauri manne, madogo lakini yanayowezekana.

Kwanza, karatasi usiyoifahamu usiisome. Irudishe kwa heshima, uombe maelezo kwa Kiswahili. Una haki: kifungu cha 142 kiko upande wako juu ya sheria, na akili njema iko upande wako juu ya mengine.

Pili, ukisoma, sema wazi neno hili ni la nani, la tarehe gani, na ya kwamba wewe ni mujumbe. Usilipambe, usilipunguze.

Tatu, maulizo ya watu uyaandike, na uyapeleke kule karatasi ilikotoka. Mujumbe wa zamani hakufika kwa shefu na kurudi mikono mitupu. Alirudi na jibu. Na jibu likikosekana, waambie watu ya kwamba umeuliza na hujajibiwa. Hilo nalo ni habari.

Ine, anza na hesabu ya kapela yako mwenyewe. Hata ikiwa ni franka za mishumaa.

Kwa wenye kazi katika Serkali, ambao wengi wao ni wakristu wetu na wengine walisoma katika seminari zetu, tunaomba jambo moja tu: waandike mugawanyo wa 50, 25, 15 na 10 kwa Kiswahili, Kiruund na Kichokwe, pamoja na hesabu ya franka zilizopokewa mwaka ule, na waibandike ku mulango wa biro ya teritware. Karatasi moja kwa mwaka. Haitaki intaneti wala mufadhili. Inataka kalamu, gundi na moyo.

Muzee wa kijiji kile hakuuliza juu ya siasa. Hakumutukana mutu. Aliuliza nani amezihesabu. Siku mwalimu atakapoweza kumujibu: «Baba, amezihesabu fulani, na hesabu yake hii hapa, njoo uione,» siku ile neno la Serkali litakuwa limefika Sandoa.